Boston Iliyotoa Jina

Chumba cha mahabusu ndani ya Guildhall, jumba la kale la mji wa Boston, Uingereza, ni kidogo, kina baridi hata mwezi wa saba, na mlango wake ni wa nondo nene. Nilisimama humo mchana mmoja wa mvua. Sikuwa nimepanga kufika. Nilikuwa kwenye treni iendayo Skegness, nikaona mnara ukichomoza mbele kwenye tambarare, mrefu kupita kiasi kwa mji ambao hata paa za nyumba zake zilikuwa bado hazijaonekana. Nikashuka.

Mwaka 1607, kundi la Waingereza waliokuwa wamejitenga na Kanisa la nchi yao walikodi meli kwa siri iwapeleke Uholanzi. Nahodha aliyepokea fedha yao akawasaliti. Walikamatwa karibu na Boston, wakapekuliwa, wakanyang'anywa fedha na vitabu, wakaletwa mjini huku watu wakiwatazama. Wengi waliachiwa baada ya kama mwezi mmoja. Saba wakazuiliwa wapelekwe mahakama ya juu. Kijana aliyekuwamo, William Bradford, aliandika kisa hiki baadaye, na anakiri kwamba mahakimu wa mji waliwatendea kwa upole kadiri walivyoweza.

Kosa lao lilikuwa kuondoka.

Sheria ya wakati ule haikumruhusu mtu kutoka Uingereza bila kibali cha mfalme. Ndiyo maana walikodi meli usiku, na ndiyo maana wakaishia mahabusu. Wengine kati yao ndio waliokuja kupanda meli ya Mayflower kwenda Amerika mwaka 1620, na leo wanaitwa Mahujaji, na mji unawaenzi.

Nikatoka nje. Mvua ilikuwa imekatika, na kwenye mitaa ya karibu na soko nikapishana na watu wanaozungumza Kireno na lugha za Ulaya Mashariki, wamebeba mifuko ya sokoni, wanaita watoto wao. Hapo nikakumbuka kwamba huu ndio mji ulioongoza Ufalme wa Muungano mzima katika kura ya mwaka 2016 ya kutoka Umoja wa Ulaya. Asilimia 75.6 walisema tutoke, na suala la wageni lilikuwa mbele kabisa katika mjadala wa hapa.

Wiki kadhaa zimepita na mambo haya mawili hayajaniachia nafasi: mahabusu ya watu waliotaka kwenda, na kura dhidi ya watu waliokuja. Naandika ili nijue ninachofikiri.

## Si ile uliyoizoea

Ukimtajia Mswahili Boston anakuelewa mara moja, ila anaelewa ya Marekani. Sisi wa Tanzania tuliijua kwa miguu ya Juma Ikangaa, aliyemaliza wa pili kwenye marathoni ya mji ule miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alizidiwa sekunde moja tu na Ibrahim Hussein wa Kenya, na wapo wazee wanaoisimulia mpaka leo kwa uchungu mbichi.

Boston ninayoizungumzia iko Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, kwenye mto Witham, kilomita chache kabla mto haujaingia ghuba ya The Wash. Wilaya nzima, pamoja na vijiji vyake, ina watu 70,000 na kidogo. Ardhi yake ni tambarare ya zamani ya mabwawa na matope, iliyokaushwa kwa mifereji karne baada ya karne, mpaka ikawa miongoni mwa mashamba bora ya mboga nchini humo.

## Kisiki

Ule mnara nilioona kwenye treni ni wa kanisa la Mtakatifu Botolph. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1309. Mnara ulianza kupandishwa katikati ya karne ya 15 na haukukamilika mpaka mwanzoni mwa karne ya 16. Una urefu wa mita 81 hivi, na juu kabisa umevikwa taji la pembe nane, lililo wazi kiasi kwamba unaona anga kupitia madirisha yake.

Wenyeji wanauita Stump, yaani kisiki.

Mbona jengo refu namna ile liitwe kisiki? Wapo wanaosema ni kwa sababu ulikaa miaka mingi nusu nusu, kama mti uliokatwa. Wapo wanaosema ulikusudiwa kuwekewa mchongoko juu yake na haukuwekwa. Mimi naona jina linaeleweka vizuri zaidi ukiwa mbali, shambani, pale ambapo hakuna kilima wala msitu, na kitu pekee kilichosimama wima ni ule mnara.

Ukiwa ndani wanakuhesabia: milango 7, nguzo 12, madirisha 52, ngazi 24 za kupanda maktaba, 60 za kufika kwenye paa, 365 mpaka juu ya mnara. Siku za wiki, miezi, majuma, saa, dakika, siku za mwaka. Sijui wajenzi walikusudia kiasi gani, na sikutaka kuhesabu. Nilivutiwa zaidi na habari ya mabaharia, ambao kwa mamia ya miaka waliutumia mnara kujua walipo katika maji ya The Wash, yenye mafungu ya mchanga yanayohama. Katika Vita vya Pili vya Dunia marubani waliokuwa wakirejea kwenye viwanja vya Lincolnshire nao waliutafuta kwa macho.

Kuna hadithi kwamba msingi wa kanisa umewekwa juu ya marobota ya sufu, kwa kuwa chini ni matope. Hakuna mjenzi ambaye angefanya hivyo. Lakini fedha iliyonunua mawe ilitoka kwenye sufu, na nadhani hadithi ilizaliwa hapo.

## Jiwe la nani?

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mtawa Botolph ndiye aliyeuanzisha mji huu. Kumbukumbu za kale za Waingereza zinasema kwamba mwaka 654 alianza kujenga monasteri mahali panapoitwa Icanho. Boston ikadai Icanho ni hapa. Siku hizi wataalamu wengi wanaiweka Icanho kwenye kijiji cha Iken, Suffolk, mbali kusini, ambako mwaka 1977 kilipatikana kipande cha msalaba wa mawe wa kale ndani ya ukuta wa kanisa.

Kwa hiyo mtakatifu huenda hakuwahi kukanyaga Boston.

Jina lenyewe halijapotea, limefupishwa tu. Maandiko ya karne ya 12 yanaonyesha umbo refu lenye Botwulf mbele na neno la jiwe nyuma. Jiwe la Botwulf. Likasemwa na kusemwa, likamenyeka, likabaki Boston. Katika kitabu cha hesabu ya nchi cha mwaka 1086 mji haumo kabisa kwa jina hilo; eneo linaonekana kuhesabiwa ndani ya Skirbeck, ambayo leo ni mtaa wa Boston.

Na Botwulf huyo wa kwenye jiwe? Lilikuwa jina la kawaida la Kisaksoni. Wachunguzi wa majina ya mahali wanasema inawezekana alikuwa mwenye ardhi tu, mtu wa kawaida ambaye jiwe lake lilikuwa mpaka, au alama ya kivuko, au mahali pa kukutania. Baadaye kanisa likapewa mtakatifu mwenye jina linalofanana, na watu wakaunganisha.

Hili nililielewa haraka, maana nimekulia Dar es Salaam. Ukipanda daladala unashuka Mtoni kwa Aziz Ali, na wengi wanaoshuka hapo kila siku hawajui Aziz Ali alikuwa nani. Kituo kinamtunza bila kumkumbuka.

Nikafikiria pia jiwe lenyewe. Ardhi ile haina mawe ya kujengea. Kila jiwe la kanisa liliingia kwa maji, juu ya mashua. Katika nchi ya matope matupu, jiwe moja lililosimama lingetosha kuwa alama ambayo watu wanaelekezana kwayo. Hilo ni wazo langu, halina hati nyuma yake.

Botolph mtakatifu, kwa upande wake, alikuja kuwa msimamizi wa wasafiri. Kwenye malango ya London ya zamani yalijengwa makanisa manne ya jina lake, ili anayetoka mjini aombe njia njema na anayeingia ashukuru. Mji wenye jina lake ukawa mji wa wasafiri pia, kwanza wa kuingia.

## Fedha ya manyoya

Mfalme John alipotoza kodi ya fungu la kumi na tano kwa wafanyabiashara wa bandarini, katika miaka ya 1203 na 1204, London ililipa pauni 836. Boston ililipa pauni 780. Bandari nyingine zote zilikuwa nyuma yao.

Mwishoni mwa karne ile Boston ilikuwa inasafirisha sufu nyingi kuliko bandari yoyote ya Uingereza. Ilitoka kwa kondoo wa Lincolnshire na kwingineko, mara nyingi mali ya monasteri, ikapakiwa kwenda Flanders, sehemu ya Ubelgiji ya leo, kufumwa. Waflemi walikuja kununua. Waitalia walikuja na mikopo. Wajerumani wa Umoja wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, walikuwa na nyumba yao ya biashara kando ya mto, wakileta samaki wa Norwei, mbao, manyoya ya wanyama na nta. Mwezi wa sita, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Botolph tarehe 17, palikuwa na maonyesho makubwa ya biashara yaliyojulikana mpaka ng'ambo.

Nilipokaa kwenye benchi la kanisa na kuyawaza haya, nilihisi nimepata jibu. Kanisa hili wanaloliona kuwa la Kiingereza kabisa lililipwa na biashara ya wageni. Nilitaka kuinuka nikamwambie mtu.

Lakini jibu lile halikudumu.

Mfanyabiashara wa Hansa alikuja Boston na hati ya mfalme mkononi, msamaha wa kodi, na nyumba ya kulala. Hakuwa akigombania chumba cha kupanga na mvunaji wa kabichi wa hapohapo. Kumweka kwenye mizani moja na Mlithuania anayeamka usiku wa manane kusubiri gari la kwenda shambani ni kujifurahisha. Na wenyeji wa karne ya 14 nao walikuwa na manung'uniko yao juu ya upendeleo wa wageni. Historia haikunipa ushindi rahisi niliokuwa nautafuta.

Kisha biashara ikashuka. Uingereza ikaanza kufuma nguo zake badala ya kuuza sufu ghafi. Kuanzia mwaka 1363 mauzo ya sufu yakaelekezwa kupitia Calais, bandari ya ng'ambo, upande wa Ufaransa. Mto ukajaa mchanga na matope, meli kubwa zikashindwa kuingia, Wahansa wakapungua na mwisho wakaondoka. Kinachonishangaza ni kwamba mnara ulijengwa wakati huohuo, miaka ya kushuka. Watu walioona gati likipungua meli ndio waliopandisha mita themanini za mawe. Sijui kama ilikuwa imani, au fahari, au kukataa kukubali. Ninawapenda kwa hilo.

## Jina likapanda meli

Mwaka 1612 kanisa lilipata kasisi kijana, John Cotton, Mpuritani, yaani mmoja wa waliotaka Kanisa la Uingereza litakaswe. Watu walisafiri kutoka vijijini kumsikiliza, akiwamo Anne Hutchinson wa Alford, mke na mama wa watoto wengi. Cotton hakutaka ishara na taratibu ambazo Kanisa lilidai, na kwa miaka mingi mji ulimfichia siri.

Mwaka 1630 alikwenda Southampton kuwahubiria wafuasi wa John Winthrop waliokuwa wanaondoka kwenda Massachusetts. Kati yao walikuwamo watu wa Lincolnshire, wakubwa kwa wadogo. Mwezi Septemba mwaka uleule makazi yao mapya yakapewa jina la Boston. Rasi ile ilikuwa na jina lake tayari, Shawmut, ililopewa na Wamassachusett, wenye nchi. Jina la jiwe la mtu asiyejulikana likalalia jina la watu waliokuwapo hai.

Cotton mwenyewe alifuata mwaka 1633, baada ya kuitwa na mahakama ya Kanisa na kujificha. Mkewe akajifungua baharini, na mtoto akaitwa Seaborn, aliyezaliwa baharini. Anne Hutchinson alifika mwaka uliofuata. Miaka mitatu baadaye koloni ikamshtaki kwa mafundisho yake, na mwaka 1638 alikuwa amefukuzwa, na Cotton, kasisi ambaye Anne alivuka bahari kumfuata, hakumwokoa.

Kisa hiki kinanisumbua kuliko vyote. Waliokimbizwa walipata pa kukaa, na katika miaka minane tangu waupe mji jina wakawa wanamfukuza mtu. Nimekuwa nikisoma habari za Boston ya Lincolnshire nikitafuta wabaya na wema, na Boston ya pili ikanionyesha kwamba watu walewale wanaweza kukaa pande zote mbili za mlango.

## Mzee wa kanisani

Katika kanisa nilizungumza na mzee mmoja anayejitolea kuwapokea wageni. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akataka kujua nimefikaje Boston badala ya mahali penye jua. Nilimpenda. Nilipoulizia kura ya 2016 hakukwepa. Alisema watu wa nje hawaelewi kasi ya mambo: zahanati ileile, shule zilezile, nyumba zilezile, na watu wakaongezeka ghafla. Alisema wengi hawakuwa na chuki na mtu yeyote. Walitaka tu mtu wa London aseme ameona.

Nilikwenda kutazama takwimu za sensa, nikitegemea kumpinga. Mwaka 2001 wilaya ilikuwa na watu 55,700 hivi. Mwaka 2011 walikuwa 64,600. Karibu watu 9,000 katika miaka kumi, kwenye mji usio tajiri. Sikumpinga.

Lakini kuna upande wa pili ambao mzee hakuutaja. Kabichi, koliflawa na viazi vya Lincolnshire havijavunwa na wenyeji peke yao kwa muda mrefu sana. Walikuja Waairishi wa msimu, wakaja Wareno, na baada ya nchi za Ulaya Mashariki kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 wakaja Wapolandi, Walithuania na Walatvia. Walikuja kwa kuwa waliitwa. Mawakala wa vibarua na wenye viwanda vya kufungasha mboga waliwahitaji, na maduka makubwa yalitaka mboga za bei ya chini. Watu waliopanga ujira na kuacha kupanga nyumba hawaonekani sokoni Boston. Wanaoonekana ni wavunaji, kwa hiyo hasira inawapata wao.

## Fedha iliyorudi

Lalamiko moja nililisikia tena na tena, na mimi linanigusa moja kwa moja: kwamba wageni hawa wanapeleka fedha yao kwao.

Ndiyo. Tunapeleka. Msomaji yeyote mwenye ndugu Muscat, Toronto au London anajua mwisho wa mwezi ulivyo: ada ya shule, dawa ya mama, bati za nyumba ambayo mwenyewe hajawahi kulala.

Basi turudi kanisani. Ndani ya Mtakatifu Botolph kuna kikanisa cha pembeni chenye jina la Cotton. Kilikarabatiwa katika miaka ya 1850, na kwa sehemu kubwa kwa michango ya watu wa Boston ya Marekani. Katika miaka ya 1930 mnara ulipokuwa hatarini, mchango mkubwa ulitoka tena Massachusetts. Kisiki kinachoonekana leo kutoka kwenye treni kimesimama kwa sehemu kwa fedha iliyotumwa na watu ambao mababu zao waliondoka karne tatu kabla, na baadhi ya mababu hao waliondoka kwa kujificha.

Hili ndilo nililokuwa nalitafuta tangu chumba cha mahabusu, na nimelipata kwenye hesabu za ukarabati. Sidai kwamba linawafuta machozi wanaokosa miadi ya daktari. Mzee yule ana haki ya kudai zahanati, na ningesimama naye kuidai. Lakini akiniambia tena kwamba mtu anayepeleka fedha kwao hana nia njema na mahali alipo, nitamwonyesha paa lililo juu ya kichwa chake, na nitamwomba tulijadili hilo kwanza.